Hesabu ya Gari la Munir

Limerudi likivutwa na pikapu ya mboga,
kamba ya katani shingoni, pua chini,
gari jekundu la farasi mia tatu
likiburutwa na farasi sabini waliochoka.
Ngumbao akacheka hadi akakalia ndoo ya oili.

Shimanzi, saa nne asubuhi. Matrela ya bandarini yanapita,
yana kilomita laki tisa na hayana haraka,
nami nimelala chali juu ya boksi lililofunuliwa,
nasoma tumbo la gari
kama barua ya mtu asiyejua kusema uongo.

Munir anasema, "Sikulikimbiza sana, fundi."
Diski za breki zimegeuka rangi ya shingo ya njiwa.
Chuma hakifanyi hivyo kwa kwenda soko la Kongowea.
Anasema labda ni petroli mbaya.
Nafungua klachi: imelika hadi kwenye ribiti,
inanuka ukoko uliosahauliwa jikoni.
Gia ya pili ina meno ya mtafuna tambuu.

Wahenga walituachia neno juu ya haraka na baraka,
lakini bei hawakuiandika.
Basi naiandika mimi, kwa penseli,
nyuma ya kalenda ya duka la saruji.
Diski nne na pedi zake, elfu themanini na mbili,
na hizo ni za mitumba, zimepitia Dubai.
Klachi, sitini na tano. Hapo nikasimama kunywa kahawa.
Turbo nikaiwekea alama ya kuuliza,
nikaifuta, nikaandika laki na arobaini
kwa tarakimu ndogo, kama abishaye hodi penye msiba.
Tairi, sitini. Bushi, kumi na nane:
zimeliwa nusu na barabara,
nusu na chumvi ya hewa yetu hii
ambayo haikimbii popote wala haiachi kitu.

Mara ya kwanza Munir alilipa kwa noti mpya.
Mara ya pili kwa simu, mafungu matatu.
Mara ya tatu alikuja mamake, Bi Zuhura,
akafungua pembe ya leso, akahesabu pesa za chama
bila kulitazama gari.
Akauliza, "Kinachokwisha hasa ni kitu gani?"
Nikampa pedi, nyembamba kama biskuti iliyochovywa chai.
Akaigeuza kiganjani.
"Kitu chenyewe kidogo hivi?"

Spea zilichukua wiki mbili.
Alfajiri ya Ijumaa nikalitoa kulijaribu,
maana gari halijaribiwi kwa mdomo.
Dongo Kundu kutupu, lami pana, mikoko kando,
taa zinamulika hakuna mtu.
Nilijiambia mwisho themanini.
Gia ya pili ikaingia kama kisu kwenye halua,
turbo ikavuta pumzi,
na mgongo huu uliolalia saruji miaka thelathini
ukasukumwa kitini kama niko bembeani, Idi, Makadara.
Nikazisahau bei. Nasema kweli, nikazisahau zote.
Kabla ya daraja nikakanyaga breki
na harufu ikapanda,
ile ile niliyomsomea Munir kama kesi.

Nikaegesha. Injini ikawa inapoa, tik, tik,
kila tiki shilingi inayoanguka kisimani.

Nikarudi polepole, madirisha wazi.
Ngumbao akagusa diski, akaondoa kidole upesi,
akanitazama.
"Pedi mpya lazima zizoezwe," nikasema.
"Ndiyo, fundi," akasema, wala hakucheka,
na hilo ndilo lililoniuma.

Jumla, laki tatu na elfu sitini na tano.
Nikatoa elfu tatu.
Munir akauliza hizo ni za nini.
"Punguzo," nikamwambia. "Msalimie mamako."